Taarifa za kilimo zipepetwe kama nafaka

Simu ya mkononi imemfaa sana mkulima. Anaweza kujua bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa kabla hajapakia hata gunia moja. Lakini kupitia simu hiyo hiyo humiminika pumba: matangazo ya mbegu za ajabu, mifugo inayotajirisha kwa miezi mitatu na dawa inayotibu kila ugonjwa wa mimea.

Sababu yake ni ya kiuchumi. Kutuma ujumbe kwa watu elfu kumi hakugharimu chochote cha maana, na wakinasa watano tu mtumaji amepata faida. Hasara yote hubaki kwa mpokeaji.

Mfano ulio karibu ni wa kware nchini Kenya. Mwaka 2013 zilienea taarifa kwenye intaneti na simu kwamba mayai ya ndege huyo yanatibu magonjwa lukuki. Yai moja likauzwa hadi Sh100 za Kenya, wakati lina uzito wa gramu 10 hivi, karibu moja ya tano ya yai la kuku. Watu wengi wakaomba vibali vya kufuga kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la nchi hiyo (KWS). Kufikia mwaka 2014 bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya Sh10, na wafugaji wakabaki na mabanda na madeni.

Hesabu ndogo ingetosha kuwaonya. Mayai ya kware huanguliwa baada ya siku 17 hivi, na kifaranga huanza kutaga akiwa na wiki sita hadi nane. Mfugo unaoongezeka kwa kasi hiyo hauwezi kuadimika kwa muda mrefu. Tena, wanunuzi wengi walikuwa wafugaji wapya, si walaji. Wafugaji wapya walipokwisha, soko nalo likaisha.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi ni kupotea kwa imani. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alitumia mfano wa magari yaliyotumika kueleza kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, mabovu huyafukuza mazima sokoni. Ndivyo ilivyo kwa taarifa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkulima aliyedanganywa mara mbili hupuuza hata onyo la kweli, kama lile la viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016 na wanaohitaji kudhibitiwa wakiwa bado wadogo. Akichelewa, shamba limekwenda.

Sheria ipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa namba 15040. Lakini sheria humfuata mwizi akiwa ameshaondoka. Kinga ya kwanza iko kwa mkulima mwenyewe, kwa kujiuliza maswali manne. Nani anafaidika nikiamini? Mlaji wa mwisho ni nani, na leo ananunua kwa bei gani? Taarifa hii ni ya lini na ya udongo wa wapi? Mtumaji anajulikana na anapatikana? Ujumbe unaoshindwa maswali hayo ufutwe, wala usitumwe kwa jirani. Mbegu inunuliwe ikiwa na lebo ya TOSCI, hata kama tangazo ni tamu kiasi gani.

Serikali nayo isiwaachie matapeli uwanja. Maofisa ugani watoe taarifa fupi, zenye tarehe, jina la mtoaji na eneo zinalolihusu, na wazitoe kabla ya msimu. Pumba haziondoki ghalani kwa kulaumiwa. Huondoka kwa kupepetwa, na kwa kuwapo nafaka ya kutosha ya kujaza nafasi yake.