Fundi, usikimbilie kupiga Windows

KUTOKA MAKAO MAKUU
Na Chiku Malogo

Hapa Dodoma kompyuta ikigoma, dawa ni moja: ipelekwe kwa fundi ikapigwe Windows. Printa imekataa baada ya kuwekewa draiva mpya? Piga Windows. Mashine imejisasisha usiku, asubuhi skrini ni ya bluu? Piga Windows. Programu ya bure iliyopakuliwa jana inaleta matangazo yasiyofungika? Piga Windows. Mteja analipa, fundi anafomati, na jioni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anagundua kuwa sura ya nne ya tasnifu yake, aliyoiacha kwenye desktopu, haipo.

Haipo kwa sababu vilivyoko kwenye desktopu na kwenye folda ya Documents kwa kawaida hukaa diski C, humo humo ilimo Windows. Ukiifomati C bila kuhamisha vitu kwanza, umefuta vyote. Tatizo lilikuwa draiva ya printa. Kilichopotea ni kazi ya mwaka mzima.

Nasema hivi: kupiga Windows iwe hatua ya mwisho, isiwe ya kwanza. Na fundi asihesabiwe kuwa amemaliza kazi mpaka aiache mashine ikiwa na uwezo wa kujirudisha nyuma yenyewe.

Uwezo huo haununuliwi. Microsoft ilianza kuuweka mwaka 2000 katika toleo la Windows Me, kwa jina la System Restore, na upo hadi leo katika Windows 11. Kinga hii ikiwa imewashwa, kabla ya kuingiza draiva, sasisho au baadhi ya programu, Windows hutunza kumbukumbu ya hali ya faili zake za mfumo, rejista na draiva. Tuite kumbukumbu hiyo alama ya kurejea. Mambo yakiharibika unachagua alama ya juzi, mashine inazima na kuwaka, na mfumo unarudi ulivyokuwa juzi. Barua, picha na majedwali yako ya Excel hayaguswi. Kabla ya kuthibitisha, kuna kitufe cha kukuonyesha ni programu na draiva zipi zitaondoka. Matokeo yasipokuridhisha, kwa kawaida unaweza kuutengua urejeshaji wenyewe.

Hata mashine isiyofika kwenye desktopu ina njia. Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, Windows hufungua ukurasa wa matengenezo. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, utaikuta System Restore. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uutafute na uuhifadhi pembeni mapema. Na kwa kuwa umeme hautoi taarifa unapokatika, kompyuta ya mezani isianze kazi hii bila UPS, na mpakato uwe umechajiwa na chaja imechomekwa. Umeme ukiondoka katikati ya urejeshaji, mashine inaweza isiwake kabisa, na hapo utapiga Windows kwa lazima.

Mafundi wana jibu lao, na si la kupuuza. Watasema mashine nyingi zinazofika mezani hazina alama hata moja ya kurejea. Ni kweli: katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 kinga hii huja ikiwa imezimwa, na hapo Microsoft haina pa kujificha. Lakini tazama kinachofuata. Fundi anapiga Windows mpya, anaweka Office na antivairasi, anapokea hela, anakabidhi. Kinga bado imezimwa. Miezi miwili baadaye draiva nyingine inaleta vurugu, hakuna pa kurejea, Windows inapigwa tena na mteja analipa tena. Sisemi mafundi wanafanya hivyo makusudi. Nasema mtindo huu unamlipa anayefuta kuliko anayerekebisha, na anayeweza kuubadilisha ni mteja anayejua cha kudai.

Cha kudai kina mipaka yake. System Restore haifufui faili uliyoifuta kwa mkono, haitibu diski inayokufa, na si dawa ya virusi. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichoenea katika nchi zaidi ya 150, kilifuta alama hizi za kurejea kabla ya kudai fidia. Alama zenyewe hazidumu: diski ikibana za zamani hufutwa, na katika toleo la 24H2 la Windows 11 hukaa hadi siku 60 tu. Kwa hiyo tasnifu inahitaji nakala kwenye flashi na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, hata kama kinga imewashwa. Na ziko siku ambazo kupiga Windows ndilo jibu sahihi. Ninachokataa ni kuanzia huko.

Dunia nzima ilipata somo hili Julai 19, 2024, pale sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilikwama na benki zikasimama. Tiba iliyosambazwa haikuwa kufomati mashine hizo zote. Ilikuwa kuiwasha kila moja katika hali salama na kuiondoa faili moja iliyoleta balaa. Ukijua kilichobadilika jana usiku, unaondoa hicho hicho.

Kwetu suala hili halihusu wanafunzi peke yao. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, na wizara kujikusanya Mtumba, mji huu umekuwa mji wa makaratasi ya kidijitali. Mifumo mikubwa kama MUSE ya malipo na TAUSI ya mapato ya halmashauri haikai kwenye kompyuta ya afisa. Mashine yake ikifa, taarifa zipo kwenye seva. Lakini rasimu za barua, mihtasari ya vikao na majedwali ya kazi mara nyingi yako pale pale kwenye desktopu. Mashine hiyo ikipelekwa kwa fundi wa mtaani pamoja na nywila yake, tunahatarisha kazi, na pia majina na namba za wananchi ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka zilindwe. Afisa TEHAMA anayeirejesha mashine palepale ofisini anaokoa vyote viwili.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, ina makao yake makuu hapa hapa Dodoma na ina nguvu ya sheria ya mwaka 2019 ya kuweka viwango vya TEHAMA kwa taasisi za umma. Kila kompyuta ya ofisi ikabidhiwe kwa mtumishi ikiwa kinga imewashwa, na likaguliwe hilo kama inavyokaguliwa antivairasi. Gharama yake ni sehemu ndogo ya diski.

Wewe msomaji usingoje waraka. Fungua Start, andika Create a restore point, chagua diski C, bofya Configure, washa kinga na utenge kama asilimia 5 ya diski. Kisha bofya Create na uipe alama yako jina. Rudia kila unapotaka kuweka printa au programu ngeni.

Na mashine ikienda kwa fundi, kabla hujatoa hela mwambie akuonyeshe alama ya kurejea yenye tarehe ya siku hiyo. Akishindwa, hajamaliza kazi, na fedha zako zikae mfukoni mpaka aimalize.