Mama Aliyepasuliwa na Kikombe cha Kahawa Anachonyimwa



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tulikwenda kuwatembelea wagonjwa, na tumerudi na uchungu ambao hatutaki kuumeza kimya. Katika wodi moja ya wazazi tulimkuta mama kijana, siku ya pili baada ya kujifungua kwa upasuaji. Tumbo lilikuwa limemjaa hewa hata kugeuka kitandani kulikuwa taabu, na midomo imemkauka. Kando yake alikaa mama mkwe, mwanamke mwema tunayemfahamu kanisani, na chupa ya chai iliyojaa kahawa ya nyumbani, kahawa ya mibuni yao wenyewe. Alikuwa akinywa yeye. Mgonjwa akaomba nusu kikombe. Akajibiwa: “Vumilia, mwanangu, hujatoa hewa bado. Tena kahawa itakukausha maziwa na kukufungua mshono.”

Na daktari je? Daktari alikuwa amekwisha kupita asubuhi na kuruhusu mama yule ale na anywe. Ruhusa ile ilikufa palepale kitandani, mikononi mwa watu wanaompenda. Tuliondoka tumekasirika, na hasira ile hatujaitubu.

Tusione haya kulitaja jambo lenyewe, maana aliyeumba moyo ndiye aliyeumba na matumbo. Tumbo likifunguliwa kwa kisu cha daktari, matumbo hupooza kwa muda. Hewa hukaa isitoke, tumbo huvimba na kukaza, na mama ambaye angepaswa kumweka mtoto ziwani hukaa amejishika ubavu. Dalili kwamba matumbo yameamka ni kutoa hewa, ndiyo maana wauguzi huuliza lile swali ambalo wagonjwa hulijibu kwa kuficha uso. Zamani ilifundishwa kwamba kabla ya dalili hiyo mama asitie kitu kinywani. Mafundisho hayo yamepitwa na wakati. Miongozo ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2019 kuhusu kumsaidia mama apone upesi baada ya upasuaji wa uzazi inashauri arudie chakula chake cha kawaida ndani ya saa 2. Saa 2, siyo siku 2! Hata hivyo zipo wodi ambako kanuni ya zamani ingali inatawala, na zipo nyumba nyingi zaidi ambako inatawala hata wodi ilipokwisha kuiacha.

Na kahawa? Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walieleza jinsi walivyopima utumbo mpana wa watu wenye afya waliokunywa kahawa. Kwa baadhi yao ulianza kujikaza ndani ya dakika 4. Kahawa iliyoondolewa kafeini ilifanya vivyo hivyo, lakini maji ya moto hayakufanya. Mwaka 2012 madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, wakatoa matokeo ya jaribio kwa wagonjwa wapatao 80 waliokatwa sehemu ya utumbo mpana. Wengine walipewa kikombe cha kahawa mara 3 kwa siku, wengine maji. Waliokunywa kahawa walipata choo cha kwanza baada ya saa 60 hivi, na waliokunywa maji baada ya saa 74. Tangu hapo jambo hilo limejaribiwa pia kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, Uturuki ikiwa mojawapo ya nchi hizo, na kwa jumla matokeo yanaelekea upande uleule. Faida yenyewe ni ya saa kadhaa tu, hatutaki kuitia chumvi. Lakini aliyewahi kulala na tumbo lililojaa hewa chini ya mshono mbichi na atuambie kama saa kadhaa ni kitu kidogo.

Basi hatusemi kwamba kahawa ni dawa ya kidonda. Anayewauzia unga wa kahawa kwenye vikopo akiahidi kwamba utaunganisha nyama na kurudisha damu, huyo anawaibia, mwambieni tumesema. Tunasema jambo dogo kuliko hilo: kikombe cha kahawa kwa mama ambaye daktari wake hajamkataza ni msaada mdogo, wa bei ndogo, uliopo kwenye kila jiko la mlimani kwetu, na kumnyima bila sababu ni ukatili uliovaa kanga ya huruma.

Mlimani kwetu, ndiyo! Hapa Kilimanjaro aibu hii ni kubwa zaidi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu ndio walioipanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka bustani za misheni ikaenea vihambani. Mwaka 1933 wakulima wakaanzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Kwa kahawa tumejenga makanisa, tumesomesha mapadre na wauguzi, na wengine wenu mlizaliwa katika zahanati zilizoezekwa kwa fedha za kahawa. Mwanamke ndiye apaliliaye, ndiye achumaye, ndiye abebaye kikapu kichwani hata mimba ikiwa imefika mwezi wa saba. Siku anapolala amepasuliwa, kahawa inageuka kuwa kinywaji cha wazee wa kiume na cha wageni.

Tumejiuliza sana chanzo cha ukali huu, kwa maana hatuuoni kwa mama aliyejifungua njia ya kawaida. Huyo hupewa mtori wa moto saa ileile, hupewa supu, hupewa chai ya maziwa, na ole wake asiyemaliza bakuli. Aliyepasuliwa huwekwa pembeni. Nasi tumeyasikia maneno yanayosemwa nyuma ya mlango: ati hakuzaa, alizalishwa, ati aliogopa uchungu, ati mwanamke wa leo ni mvivu. Kumbe ile njaa anayolazwa nayo ina harufu ya adhabu! Hakulipa uchungu wote, basi alipe kwa kiu.

Wako wanaoitumia hata Biblia kwa jambo hili, wakitaja yale Hawa aliyoambiwa katika kitabu cha Mwanzo. Ndugu zetu hao wasome na waliyofundisha wakubwa wao. Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pio XII, akizungumza na madaktari juu ya kuzaa bila maumivu, alieleza kwamba Maandiko hayamkatazi mtu kutumia njia halali za kumpunguzia mama uchungu. Kama Kanisa halikuufanya uchungu wenyewe kuwa sharti, ni nani aliyeifanya njaa ya baada yake kuwa sharti? Tena tunaye mtakatifu, Raimundo Nonato wa Hispania, aliyeishi karne ya 13. Jina lake lina maana ya “asiyezaliwa”, kwa sababu mapokeo husema alitolewa tumboni mwa mama yake akiwa mama huyo amekwisha kufariki. Tunamkumbuka kila tarehe 31 Agosti kama msimamizi wa wakunga na wazazi. Zamani zile upasuaji ulikuwa wa kumwokoa mtoto kwenye maiti. Leo mama anafungua macho, anauliza mtoto yuko wapi, anaomba kinywaji. Sisi tunaoshuhudia muujiza huu kila juma tunamjibu avumilie.

Fungueni Injili ya Marko, sura ya 5. Bwana wetu alipomfufua binti wa Yairo, wote waliokuwamo walishikwa na mshangao, na pengine wangesimama pale hadi jioni. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba msichana ana njaa, akaagiza apewe chakula. Hakungoja dalili nyingine.

Sasa yale ya tahadhari, tuyaseme upesi lakini msiyaruke. Mama mwenye shinikizo la damu, aliyepata kifafa cha mimba, au ambaye daktari amemkataza kwa sababu yake maalumu, asinywe. Neno la daktari lipite letu. Kahawa huzuia mwili kupokea madini ya chuma, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu visimezwe kwa kahawa. Viachanishwe kwa saa moja au mbili. Kafeini kidogo hupita katika maziwa, na mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuitoa mwilini. Ndiyo sababu tunasema kikombe kimoja au viwili vidogo kwa siku, si birika, na mwenye mtoto njiti aulize kwanza. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliona kwamba miligramu 200 za kafeini kwa siku haziletei wasiwasi mtoto anyonyaye. Ama hilo la kufungua mshono, tumewauliza wauguzi, wakacheka.

Na sisi wanaume tusijifiche nyuma ya mama wakwe. Mume aliyesimama mlangoni mwa wodi akisema “hayo ni mambo ya akina mama” ndiye aliyeitia sahihi njaa ile. Angeweza kuingia, kumuuliza muuguzi swali moja, na kuimimina kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

Tumezungumza na akina mama wa WAWATA wa parokia yetu. Kuanzia juma lijalo, kila Jumanne na Ijumaa, wawili wao watakwenda wodini na chupa mbili, moja ya mtori mwepesi na moja ya kahawa. Watamuuliza muuguzi wa zamu kwanza, kisha watamuuliza mgonjwa mwenyewe, wala si ndugu zake. Mwenye kahawa iliyokaangwa na ailete ofisini kabla ya Jumamosi. Iwe imetwangwa tayari, tafadhali, kwa maana kinu cha parokia kimepasuka.

Mungu awabariki nyote.