Kabla ya Kununua Ruta Mpya

Intaneti inapofifia chumbani, wakazi wengi wa nyumba za ghorofa hukimbilia kununua ruta yenye nguvu zaidi. Kwa maoni yangu, mara nyingi hiyo ni gharama ya kutojua fizikia. Mawimbi ya gigahetsi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5 hivi, yale ya gigahetsi 5 yana sentimita 6, nayo hudhoofika upesi zaidi yapenyapo ukuta wa zege. Nondo, jokofu na tangi la maji huyazuia pia. Basi ruta na iwekwe katikati ya nyumba, juu, mahali peupe. Walimu, wapeni wanafunzi kazi hii: wapime kwa simu nguvu ya mawimbi chumba kwa chumba, wachore ramani, ndipo waamue. Somo la mawimbi lisiloishia ubaoni ndilo litakalowafaa maishani.