Gazeti lisilokuwa na nyumba



Juma lililopita mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo watu wazima hulikwepa: Wakati wa vita, je, yafaa gazeti liseme yote? Mwenzake mmoja akajibu kwamba yafaa, kwa kuwa uwongo ni dhambi. Mwingine akakataa, kwa kuwa adui naye anajua kusoma. Wote wawili walisema neno la haki. Kwa hiyo twaona vema kulizungumza jambo hilo hapa, tukitwaa mfano wa Ubelgiji katika vita vya 1914–1918, nchi ambayo wazee wetu waliifahamu kupita kiasi.

Katiba ya Ubelgiji ya mwaka 1831 ilisema katika kifungu cha 18 kwamba magazeti ni huru, na kwamba ukaguzi wa magazeti hauwezi kuwekwa kamwe. Neno hilo «kamwe» lilidumu miaka 83. Tarehe 20 Agosti 1914 Wadachi waliingia Bruxelles, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameamuru kwamba kila kitu kitakachopigwa chapa kipitie kwanza mikononi mwa wakaguzi wao. Magazeti mengi yalipendelea kufunga milango. Mengine yalikubali kutoka chini ya ukaguzi, nayo watu waliyasoma kama vile mtu alavyo chakula cha nyumba asiyoiamini.

Hapo yalitokea mambo mawili. La kwanza ni barua ya Kardinali Mercier, Askofu Mkuu wa Malines, aliyoiandika kwa Noeli ya 1914 ili isomwe makanisani tangu siku ya kwanza ya mwaka mpya. Ndani yake aliitaja miji iliyochomwa moto, na mapadri waliouawa aliwataja kwa majina. Hakuwahimiza waamini kushika silaha. Aliwaambia watunze amani ya nchi, lakini wajue mioyoni mwao kwamba mwenye kuitawala kwa nguvu siye mtawala wao wa haki. Wadachi walizikamata nakala walizoweza kuzipata, mpiga chapa akaadhibiwa, na maofisa wakamwendea Kardinali ili aikane barua yake. Hakuikana. Nayo barua iliendelea kusomwa, ikinakiliwa kwa mkono pale ilipokosa mtambo.

Jambo la pili lilikuja mwezi mmoja baadaye. Tarehe 1 Februari 1915 watu wa Bruxelles waliona gazeti dogo liitwalo La Libre Belgique. Mwenye kulianzisha alikuwa Victor Jourdain, mzee aliyepita miaka 70, mkatoliki, ambaye pamoja na ndugu yake Louis alikuwa na gazeti jingine, Le Patriote, wakalifunga wasije wakaandika chini ya Wadachi. Gazeti jipya lilijitangaza kuwa halitatii ukaguzi wa mtu yeyote. Lilisema pia kwamba latoka kwa utaratibu usio na utaratibu, na kwamba ofisi yake imo katika shimo la chini ya nyumba, shimo lenye magurudumu! Kwa anwani ya simu liliweka ile ya makao ya jeshi la Wadachi wenyewe. Mwaka huohuo wa 1915 lilitoa picha ya Gavana Mkuu von Bissing akiwa ameketi, amelishika gazeti hilohilo, analisoma. Picha hiyo ilitengenezwa kwa ujanja, lakini mji mzima ulicheka.

Kicheko hicho kililipiwa. Philippe Baucq, fundi wa kuchora nyumba na baba wa jamaa, alikamatwa usiku mwezi wa Julai 1915, na nakala nyingi za gazeti zilikuwamo nyumbani mwake. Tena alikuwa akiwasaidia askari kutorokea Uholanzi, na hilo ndilo lililomletea hukumu. Tarehe 12 Oktoba alipigwa risasi pamoja na muuguzi Mwingereza, Edith Cavell. Wapiga chapa walifungwa, mapadri waliolisambaza walifungwa, lakini likatoka tena kwa mtambo mwingine. Hadi mwisho wa vita yalitoka matoleo 171.

Basi turudi kwa swali letu. Jemadari afichaye njia watakayoipita askari wake usiku, hatumlaumu; hata mama wa askari hangetaka njia hiyo iandikwe gazetini. Lakini tarehe 23 Agosti 1914 jeshi la Wadachi liliwaua watu wa Dinant, na pamoja na waliouawa siku zilizozunguka ile walifika 674, wanawake na watoto wakiwamo. Aficha nini azuiaye habari hiyo? Si njia ya askari. Aficha tendo lake mwenyewe, akitumia ufunguo aliopewa kwa ajili ya mlango mwingine.

Wala tusidhani kwamba upande wa pili wote walisema kweli. Magazeti ya Ufaransa na Uingereza, nayo chini ya wakaguzi wao, yalieneza habari za watoto wa Ubelgiji waliokatwa mikono na Wadachi, na halikupatikana hata tukio moja lililothibitishwa. (Sisi wa Kongo twajua ni wapi mikono ilikatwa kweli, na kwa ajili ya mpira wa nani.) Mkaguzi huzuia habari ya kweli, na palipo patupu uvumi hujijengea nyumba.

Liko jambo linalotuuma zaidi. Ile sheria ya 1908 juu ya utawala wa Kongo, koloni la Ubelgiji, ilihesabu vifungu vya Katiba ambavyo wakaaji wa koloni wangefaidi haki zake. Msomaji akivifuata kimoja kimoja ataona kwamba kifungu cha 17 kimetajwa, na cha 21 kimetajwa. Cha 18 hakimo. Watu walioandika gazeti lao shimoni ili wasikaguliwe walirudi kwenye uhuru wao mwaka 1918, na gazeti la Mkongo likaendelea kungoja ruhusa.

Nasi baada ya uhuru je? Mwezi wa Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipowekwa chini ya watawala wa kijeshi, amri iliwapa uwezo wa kukataza maandiko wanayoyaona kuwa ya kuchochea fujo. «Wanayoyaona»: hapo ndipo msomaji anapaswa kutua. Mtu wa Beni anayetaka kujua kama barabara ya shamba lake ina salama, na mtu anayetaka kueleza waliomwibia mbuzi kizuizini walivaa nguo gani, si watu wa namna moja machoni pa afisa, ingawa wote wawili wasema habari za barabara moja.

Mwanafunzi wetu hakuridhika. Alitaka kujua kama yule mzee Jourdain aliliona gazeti lake likiuzwa mchana. Tulimwambia kwamba hapana: alifariki mwaka 1918, Wadachi wakiwa wangali Bruxelles. Gazeti lenyewe lilitoka hadharani mwezi wa Novemba, nalo latoka hata leo.