Mapenzi ya Kijijini Maisha Plus: Kwa Nini Msichana Ndiye Atoke?

Wadau, kuna dada hapa Majengo, jina kapuni, anauza riwaya zake WhatsApp. Mpya ni ya mahaba ndani ya shindano kama Maisha Plus.

Wazo kali! Masoud Kipanya alipoianzisha mwaka 2009, vijana waliwekwa kijijini bila simu, wakalima, wakachota maji, wakapikia kuni kama bibi zetu. Pale huna hela ya kuhonga wala status ya kuringia. Njaa inauma, ndoo iko kichwani, ndo unamjua mtu. Anayekupokea ndoo kamera ikiwa imegeukia kwingine, huyo ndo wako.

Sasa mwisho wake umeniudhi. Wawili wanapendana, watazamaji wanamtoa msichana, jamaa anabaki anashangiliwa. Jamani! Si ndo yale yale ya mitandaoni? Wakishikana mikono tu kwenye TV, mvulana anaitwa fundi, binti anaitwa malaya, na mama yake yuko Mbuyuni anauza nyanya, anayasikia yote.

Nimemwambia abadilishe. Kagoma, anadai anaandika ukweli. Haya, nyie mngemalizaje?