Goma: Batri za lithiamu zisichajiwe kwa pupa ndani ya nyumba za mbao

MAONI – Wazazi wengi mjini Goma wanaponunulia watoto gari la telekomandi, wanauliza bei na kuangalia kama magurudumu yanazunguka. Ni wachache wanaouliza batri iliyo ndani ni ya aina gani na inachajiwa namna gani. Hilo ndilo lingepaswa kuwa swali la kwanza.

Zamani gari hizo zilitumia mawe ya kawaida ya redio, au batri za nikeli zilizochajiwa usiku kucha. Siku hizi nyingi zinakuja na batri ya lithiamu: nyepesi, yenye nguvu, na inayoweza kujaa kwa muda wa saa moja au chini yake. Ni maendeleo, hakuna wa kuyakataa. Lakini batri hiyo ina masharti yake, na mjini petu masharti hayo hayafuatwi.

Seli moja ya lithiamu ya aina hiyo inajaa ikifika volti 4,2. Ikipitishwa hapo, inaanza kupata joto, inavimba, na inaweza kulipuka moto. Chaja ya lithiamu inajua kusimama kwenye volti hizo. Chaja ya batri za nikeli haijui, na ile ya batri ya pikipiki haijui pia. Hata hivyo, kwenye vibanda vya kuchajia simu utaona waya zimekatwa na kuunganishwa kwa mkono, chaja yoyote kwenye batri yoyote, mradi taa iwake.

Kuna pia suala la mwendo. Batri ya miliampea 1500 ikichajiwa kwa ampea 1,5 inahitaji saa moja na zaidi kidogo. Ukiisukumia ampea 3, muda unapungua karibu nusu, lakini ni kama mtengenezaji ameruhusu. Kiwango hicho huandikwa kwenye batri nzuri. Kama hakuna maandishi, mafundi wenye uzoefu hawavuki kipimo cha saa moja. Tena, sehemu ya mwisho ya kuchaji ndiyo inayokwenda polepole, kwa sababu chaja nzuri inapunguza umeme kadiri batri inavyokaribia kujaa. Kwa hiyo mwenye haraka afadhali aichomoe ikiwa imefika asilimia 80 kuliko kuilazimisha ijae mbio.

Haraka haraka haina baraka, wazee wanasema. Lakini mtu akilaumu haraka ya watu wa Goma bila kutazama inatoka wapi, atakuwa ameona nusu ya jambo. Umeme wa SNEL unaotoka Ruzizi haujawahi kuitosheleza Goma. Kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka 2015, kimeleta nafuu kubwa, lakini si kila nyumba imeunganishwa. Na mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Mtu aliyepitia siku kama zile, umeme ukirudi anachaji kila kitu kwa wakati mmoja: simu, taa, redio, na gari la mtoto. Mwenye kibanda naye analipwa kwa kila kifaa. Kifaa kikitoka mapema, kingine kinaingia.

Haraka hiyo inaeleweka. Lakini nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zimejengwa juu ya mawe ya volkano, zimebanana ukuta kwa ukuta. Moto ukianza katika nyumba moja, majirani wanatoa vitu nje kabla hata ya kujua chanzo. Kweli, mara nyingi mishumaa, makaa na waya mbovu za umeme ndivyo vinavyotajwa. Batri inayovimba juu ya godoro la sponji, usiku, watu wamelala, haipaswi kuongezwa kwenye orodha hiyo.

Kuna wanaosema huu ni mchezo wa watoto, tena wa watoto wa wenye pesa, na mji una shida kubwa zaidi. Si kweli. Seli za aina hiyo hiyo ndizo zilizo ndani ya taa za jua, redio za kuchaji na simu za kila mtu. Na vijana wetu wanafungua kompyuta zilizokufa, wanatoa seli zilizo bado na uhai na kuzitengenezea taa. Ni akili nzuri inayostahili kusaidiwa, si kuzuiwa. Kinachohitajika ni kuiwekea kanuni.

Kanuni zenyewe hazina gharama kubwa. Batri iliyovimba au kuchubuka isichajiwe kabisa. Batri ya seli mbili au tatu ichajiwe kwa chaja inayosawazisha seli hizo. Batri iliyotoka kwenye gari ikiwa moto iachwe ipoe kwanza. Kuchaji kufanyike mtu akiwa macho, mbali na pazia na godoro, ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga. Mchanga wa volkano Goma haununuliwi.

Mwenye kibanda awe na haki ya kumwambia mteja hapana, na mteja asikasirike. Mwenye duka asiuze batri ya lithiamu bila chaja yake. Viongozi wa mitaa, wanaopita kuhesabu nyumba, waweze pia kuonyesha mahali pa kupeleka batri zilizokufa, maana leo zinatupwa pamoja na maganda ya ndizi.

Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, ambayo inaingia katika nyingi ya batri hizi, inachimbwa Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Lithiamu nayo iko Manono. Madini yanatoka kwetu yakiwa mawe, yanarudi yakiwa batri ndani ya gari la mtoto, mara nyingi bila karatasi ya maelezo kwa lugha ambayo mama wa Majengo au Katoyi anaisoma. Nchi inayotoa mali hiyo ina haki ya kudai angalau maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili.