Namba ya kiatu chako

Ndugu wafanyakazi, kwenye duane ya Kasumbalesa kila kitu kina namba yake. Kiatu cha ngozi chenye chuma cha kulinda vidole ni 6403.40. Kofia ya kazi ni 6506.10. Maski yenye chujio la kubadilisha ni 9020. Ile ya kitambaa tu ni 6307.

Kwa maoni yetu, anayeagiza vitu aandike jina kamili, si «viatu» tu. Karatasi mbaya inachelewesha mzigo mpakani, na mwenzetu anashuka shimoni na kiatu kilichotoboka.

Lakini namba ya duane haipimi nguvu ya chuma. Kagua kiatu chako mbele ya kuanza kazi. Mama nyumbani, mkumbushe baba: vidole haviuzwi dukani.